Nondo za Lako

Mwaka 2008 Kerubo alitumwa kutoka Nairobi kwenda Juba, kuwasaidia wahadhiri sita wa uhandisi katika chuo kidogo karibu na mtaa wa Atlabara wabadili namna yao ya kufundisha. Mkubwa wao, Mzee Fortunato, aliyerudi kutoka uhamishoni Uganda, kwa miaka ishirini alikuwa akisoma daftari lake kwa sauti na wanafunzi wakinakili.

Wiki ya pili Kerubo aliwaomba wahadhiri wakae nyuma, watazame tu. Akalaza ubao mwembamba juu ya matofali mawili, akawauliza wanafunzi wa Fortunato: tukiweka jiwe katikati, ubao utaanza kupasuka juu au chini?

Kanuni waliiandika yote bila kosa. Jibu hawakulijua. Akuol, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa alama, alisema juu, kwa kuwa jiwe liko juu. Jiwe likawekwa. Ubao ukapasuka chini.

Fortunato akatoka nje. Kerubo akamfuata.

"Mwalimu, samahani kama nimekuaibisha."

"Hapana, madam. Mimi ilikuwa na kijana, mtoto yangu, jina yake Lako. Nilifundisha yeye mwenyewe, kule Arua, Uganda. Mtihani alikuwa namba moja. Akajenga duka. Boriti ya zege ikaanguka juu yake, akafa. Nondo, ile chuma ya ndani ya zege, yote aliweka juu. Watu walisema saruji ilikuwa mbaya, na mimi pia nikasema hivyo."

"Hakuwahi kukuuliza?"

"Aliuliza. Katika darasa. Nondo inakaa juu ama chini? Nikamwambia, wewe andika kwanza, utaelewa mbele."

Kengele ikalia, wakarudi darasani.

Jioni hiyo, nyumbani Hai Malakal, Fortunato alimweleza yote mkewe Natalina, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akimlaani muuza saruji. Natalina alisikiliza mpaka mwisho.

"Walimu wenzako unawaambia lini?" akauliza.

Aliwaambia asubuhi iliyofuata, amesimama mbele yao. Mmoja aliondoka, hakurudi tena kwenye mafunzo. Wengine wanne walibaki, na mchana huo wakachanganya zege na wanafunzi, wakatengeneza boriti ndogo mbili, nondo juu kwenye moja na chini kwenye nyingine. Walipozivunja baada ya wiki tatu, ile ya nondo juu ikakatika kwanza, na wanafunzi wakashangilia. Fortunato aligeukia ubao wa chaki, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Alifundisha hivyo hadi alipostaafu. Lakini mvua zote za mwaka ule Natalina alimpakulia chakula, akaenda kula peke yake jikoni.