Waliokwama Kwenye Waya

Jumatatu saa mbili unusu asubuhi, Mama Mumbe wa Sagalla alitoka kwenye waya wa netiwaki, chini ya meza ya karani, akakung'uta vumbi kwenye leso na kuuliza kama lori la maji limeshaondoka. Alikuwa wa kumi na tisa asubuhi hiyo. Karani alimwonyesha mwisho wa foleni.

Afisi hiyo ya maji mjini Voi ilipata kompyuta mwaka wa tisini na saba: nne za makarani, na seva moja ya kuziunganisha. Makarani waliandika majina ya waliokosa maji, majina yakapita kwenye waya hadi kwenye seva, na seva ikatoa orodha ya dereva wa lori. Jina lisipofika, mwenyewe alitokea. Saa kumi afisi ikifungwa, alirudi kwao kwa waya uleule. Ndivyo ilivyokuwa tangu Machi, na watu walizoea, ila walilalamika kwamba humo ndani kuna joto.

Sumayya, fundi wa kompyuta, aliitwa atafute hitilafu. Alipima waya, mzima. Akabadilisha vichwa vyake, wapi. Mwisho akaomba kufunguliwa chumba cha meneja, Bwana Thadeus, aliyekuwa semina Mombasa. Seva ilikaa humo, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, maana kitu cha thamani hakiachiwi makarani. Ilikuwa ikijipigia rumba.

Alipofungua mipangilio, hasira zilimpanda. Meneja alikuwa ametia kadi ya muziki, na kadi hiyo ilipewa namba tano ya kuiitia seva, namba ileile ya kadi ya netiwaki. Fahali wawili hawakai zizi moja. Rumba ikilia, seva haikumsikia mtu, na rumba ililia kutwa. Kwenye orodha kulikuwa na jina moja tu, lililoandikwa kwenye seva yenyewe: Thadeus, kwa ng'ombe wake wa Mwatate. Lori zima, kila siku, miezi mitatu! Mtu huyo hakuwa na aibu hata ya kukopa.

Namba nyingine zote zilikuwa na kazi zake, kwa hivyo Sumayya aliing'oa kadi ya muziki. Majina mia mbili na arubaini yaliingia kwa mpigo. Siku mbili hakutoka mtu kwenye waya, na lori likapanda Sagalla.

Alhamisi meneja alirudi.

"Nani kagusa rumba yangu?"

"Ni mimi, mzee. Ilikuwa inaziba netiwaki. Watu walikuwa hawapati maji."

"Hao watu si wanafika hapa kila siku? Shida iko wapi?"

"Wanafika kwa waya, mzee."

"Basi wawekewe benchi. Rudisha kadi."

Sumayya alikataa katakata. Kufikia Ijumaa adhuhuri alikuwa ameshaandikiwa barua ya kuachishwa kazi, na fundi mwingine kutoka Taveta ameirudisha kadi kwenye namba tano. Benchi lilikuwa zuri, la mbao ngumu.

Sumayya alikuwa akikusanya bisibisi zake Mama Mumbe alipotoka chini ya meza, mara hii amechubuka kiwiko, jerikeni mkononi.

"Mwanangu, si ulitengeneza?"

"Nilitengeneza, mama. Wameharibu tena."

"Kusudi?"

"Kusudi."

Mama Mumbe aliketi kwenye benchi, akasikiliza rumba hadi saa kumi. Afisi ilipofungwa aliinama akaingia kwenye waya, na Sumayya akampitishia jerikeni lake. Lilipita bila shida, maana halikuwa na kitu.