Bisibisi Sikioni

Mtaani walimwita Daktari, ingawa alikuwa fundi wa injini na mikono yake ilinuka oili hata siku ya mapumziko. Jina lilitokana na bisibisi yake ndefu. Gari likiletwa linalalamika, hakukimbilia spana. Aliliwasha, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaukandamiza sikioni, akafumba macho. Kisha akautaja ugonjwa. Hakukosea.

Ukutani vilining'inia vikinga masikio ambavyo mkewe alimletea kutoka kiwanda cha mbao anakofanya kazi. Mwaka wa pili huo, aliyevitumia ni buibui.

"Baba watoto, jirani yako na grenda yake atakumaliza masikio."

"Masikio ndiyo kazi yangu. Nikiyaziba tutakula nini? Misumari?"

Jirani, mchomeleaji wa mlango wa kulia, alikata vyuma kutwa nzima.

Asubuhi hiyo dereva wa teksi alileta gari. "Kuna kitu kinalia huku mbele."

Daktari akasikiliza. Akahamisha bisibisi, akasikiliza tena. "Liko fiti. Nenda kapige kazi."

Dereva hakuondoka. "Mbona hata sasa kinalia? Hata mimi nasikia, na masikio yangu ni ya kushikia miwani tu."

Grenda ilikuwa imenyamaza. Hakuwa na wa kumsingizia. Daktari akainama tena, jasho likimtoka. Kimya. Kwa kukosa raha tu akageuza kichwa, akaweka mpini sikio la kushoto. Pampu ya maji ikampigia mluzi mwembamba: beringi imekwisha, kitu ambacho hata mnunua vyuma chakavu angekisikia.

Kulia, kimya. Kushoto, mluzi. Kulia, kimya. Akarudia mara sita.

"Kulikoni?" dereva akauliza.

"Pampu. Nilikuwa naipima akili yako."

"Imefaulu?"

Daktari akachukua spana. Sikio la kulia ndilo lililoelekea kwa mchomeleaji, miaka tisa.

Akafungua pampu huku bolti zikimponyoka. Grenda ikaanza. Akasimama, akaketi, akasimama. Akaenda ukutani, akamfukuza buibui, akavivaa vile vikinga.

Humo ndani akakuta kelele nyingine: mlio mwembamba usiokatika, wa kichwani mwake mwenyewe. Hakujua ulianza lini. Mkono ukapanda kuvivua, ukashuka. Ukapanda tena.

Alipomaliza kufunga pampu mpya, akamwendea jirani. "Zima hilo dude kidogo!"

"Leo umekuwa rubani?" mchomeleaji akapayuka.

Daktari aliona midomo tu. Grenda ilipozimwa, akarudi kwenye gari, akaliwasha, akavivua, akaweka mpini sikio la kushoto, akafumba macho. Pampu ilizunguka bila neno.

"Imepona?" dereva akauliza.

"Subiri."

Akasikiliza muda mrefu kuliko pampu ilivyohitaji. Kisha akavivaa tena vikinga, haraka, kabla jirani hajagusa swichi.