Majembe ya Kilima cha Itunda

Ukungu ulitukuta juu ya kilima cha Itunda, tukifukia majani kwenye matuta ili yaoze, mwakani tupande ulezi. Mimi kilimani ni mgeni. Kwetu ni bondeni, upande wa Ilemba, tulikohamia na ng'ombe wa baba. Nilipoinua kichwa, mwanangu Hellena hakuwepo kwenye kanga nilipomkalisha. Hajatimiza hata miaka minne.

"Hellena!" nikaita. "Hellena we!"

Jirani yangu, Mama Bertilla, akanirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. "Nyamaza, mwanangu! Ukungu ukishuka hapa mtu haitwi jina. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Mume wangu Yonas alinieleza, nikamcheka: sisi tunaogopa fisi, si mawingu.

"Mama!" Sauti ikatoka chini, korongoni.

"Mama!" Ikatoka juu, kwenye mawe asikolima mtu.

Zote mbili sauti ya mwanangu, na mkwaruzo wake wa mafua.

"Ukienda, tutatafuta wawili," Mama Bertilla akasema. Akanipa jembe langu na jiwe. "Gonga. Jembe la mama yake analijua, amelisikia tangu yuko mgongoni."

Nikagonga. Ya juu ikasogea, ikabembeleza: "Mama, njoo." Ya chini ikawa inalia tu. Nikagonga mpaka vidole vikachubuka, na hapo Hellena akatokea kutoka korongoni, tope mpaka magotini, kandambili moja tu mguuni.

"Mama, nani ananiigiza?"

Nikamkumbatia. Kule juu ikaita tena: "Mama!" Sasa nayo inalia.

"Twende. Huyo si wetu," Mama Bertilla akasema.

"Ni wa nani, mama?" nikamuuliza.

"Nimeolewa hapa nimemkuta. Hakuna aliyewahi kumgongea."

Nikamfunga Hellena mgongoni, nikakaza kanga. Nikasikia moyo wake mdogo unadunda kwenye uti wangu. Nikaokota jembe na jiwe.

"We mwanangu! Una wazimu?"

Nikagonga. Huko chini, watu wa kijiji cha jirani wakadhani bado tunatafuta, wakaanza kugonga majembe yao. Kisha kijiji cha pili. Kilima kizima kikalia.

Sauti ikanyamaza, kama mtoto anavyonyamaza akijua anasubiriwa. Halafu nyasi za kule juu zikaanza kulala, hatua ndogo ndogo, zikija kwetu.

"Usiache sasa," Mama Bertilla akaninong'oneza, akatafuta jiwe lake.