Kibuyu cha Kwenda Kendu

Onsongo alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kambi nzima ya kiwanda cha chai: baiskeli. Wenzake wakipata likizo walirudi Kisii kulima, kujenga, na wengine kuoa. Yeye aliupaka mnyororo mafuta, akafunga blanketi kwenye keria na kwenda kutazama. Kutazama nini? Chochote. Alikuwa amekwenda Kipkelion kuangalia treni ikihema mlimani, akaenda Chebunyo kwenye mnada wa ng'ombe na kurudi bila hata mkia wa mbuzi. Mkewe, Yunia, alikuwa amechoka kumuuliza. Mwaka ule wa sabini na mbili alitangaza kwamba safari hii ni Kendu, huko pwani ya ziwa, akaone milima iliyotapika moto enzi za kale, na lile ziwa dogo la Simbi ambalo watu husema lilimeza kijiji kizima.

Asubuhi ya kuondoka, jirani yao Chepyegon alikuja na kibuyu. Alikuwa mjane wa Kikipsigis, mwenye shamba dogo la chai lililopakana na kambi na ulimi usioogopa mtu. Kibuyu kilikuwa kimejaa mursik, maziwa lala yaliyokolezwa masizi ya mti, na mdomo wake umefunikwa kwa kifuniko cha ngozi.

"Unaenda Kendu kweli, ama ni maneno tu?" aliuliza.

"Kweli, Kogo." Hivyo ndivyo Wakipsigis walivyomwita bibi, na Onsongo naye alimwita hivyo.

"Basi Kipkemoi yuko huko. Mwenye lori aliona yeye kwa gati akibeba magunia. Mpe hii. Usimwambie kitu. Akunywe tu."

Onsongo aliijua habari hiyo, nani hakuijua? Kipkemoi alikuwa kifungua mimba wa Chepyegon. Baba yake alipomnyima kipande cha shamba cha kupanda chai na kumpa mdogo wake, aliondoka kwa hasira akiapa kwamba hatakanyaga tena pale. Baba alikufa, akazikwa, na Kipkemoi hakuja. Mama hakuwahi kumtumia maneno. Katika nyumba ile, mtoto aliyekasirika alitumiwa maziwa ya mama yake. Akiyanywa, amekubali kurudi. Akiyakataa, basi.

"Akikataa pia uniambie," Chepyegon alisema. "Nijue, nikae."

Onsongo alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitundika begani na kuahidi. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko kama angeahidi akiwa mwongo.

Mpaka Kapsoit alikwenda kama upepo. Chai ilikuwa imelala kijani pande zote mbili, baridi imemshika masikio, na yeye anapiga mluzi. Kisha barabara ikaanza kuteremka, na kila kona aliyoikata ikamvua kitu: kwanza koti, halafu sweta, halafu mluzi wenyewe. Alipofika Sondu jua lilikuwa linachoma. Maji aliyobeba kwenye chupa yalikuwa yamekwisha na koo limemkauka. Mto ulikuwa pale pale chini ya daraja, lakini kuteremka ni kazi, na kibuyu kilikuwa begani.

Alionja kidogo tu. Alijiambia kwamba anapima kama joto halijayaharibu. Hayakuwa yameharibika. Yalikuwa baridi, mazito, yenye ule uchungu mtamu wa masizi, na mtu aliyeendesha baiskeli tangu alfajiri hakupaswa kupewa mtihani wa namna ile. Baada ya Katito akapima tena. Alipopima mara nyingine kibuyu kilikuwa chepesi mno, akafanya ile hesabu ya wezi: yaliyobaki hayatoshi kumpa mtu mzima, ni aibu kumpelekea. Akayamaliza juu ya ukingo wa Simbi, huku akitazama maji.

Na yalikuwa maji ya kutazamwa! Ziwa la kijani, la mviringo, limezama ndani ya shimo la mlima uliolipuka. Ndege wa rangi ya waridi wamesimama kandokando, na nyuma yao mlima Homa umejichongoa hadi mawinguni. Onsongo alijisikia mfalme. Mama mmoja aliyekuwa akichimba magadi ya kulambisha ng'ombe alipanda na karai lake, akakaa kupumzika.

"Umekuja kuona kijiji?" alimuuliza.

"Kiko wapi?"

"Chini." Akaonyesha maji. "Watu walikuwa kwa sherehe, wanakula, wanakunywa. Bibi mzee akakuja kuomba tu mahali pa kukaa. Wakamfukuza. Mama mmoja ndiye alimpokea, na huyo bibi akamwambia atoke mapema. Mvua ikanyesha. Walioshiba wote wako huko."

Onsongo alicheua. Ladha ya masizi ikampanda kooni, na kwa mara ya kwanza akakitazama kibuyu kilichokuwa mapajani mwake. Kilikuwa kimetunzwa miaka mingi, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na shanga chache zimeshonwa kwenye mkanda wake. Uzuri wa ziwa ukamtoka machoni. Alimuaga yule mama bila kuuliza lolote zaidi, yeye ambaye kwa kawaida angeuliza mpaka jina la kila ndege.

Kesho yake alikwenda gatini. Hilo tumpe; alikwenda. Alijiambia kwamba angalau atamwona kijana na kumpa salamu za mdomo. Meli ilikuwa imefunga gati, na wabeba magunia walikuwa wakipanda na kushuka ubao, migongo imelowa jasho. Onsongo alisimama kando ya duka la Mhindi, ameshika usukani.

"Kemoi!" mtu aliita kutoka melini. "We Kemoi, harakisha!"

Mwanamume mrefu mwenye gunia begani aligeuka. Alikuwa na paji la uso la Chepyegon, na ule mdomo wake wa kutoogopa mtu. Macho yake yalipita kwa Onsongo, yakashuka hadi kwenye kibuyu kilichoning'inia begani, yakabaki pale. Kibuyu cha Wakipsigis, cha masizi, huku Kendu. Aliteremsha gunia polepole. Akapiga hatua kuja.

Onsongo angesema nini? Mama yako amekutumia maziwa, nimeyanywa mimi? Alirukia baiskeli na kukanyaga pedali kama mtu aliyeona nyoka. Alisikia akiitwa: "Wewe! Wewe wa kibuyu!" Hakugeuka. Alipanda milima yote ya kurudi akiwa na nguvu asizozijua, na ile sauti ikapanda naye.

Chepyegon alikuwa anamngoja kwenye ua.

"Ulimwona?"

"Nilimwona." Huo ulikuwa ukweli, na Onsongo aliushika kama mzamaji anavyoshika unyasi.

"Alikunywa?"

"Alikunywa yote, Kogo. Akashukuru."

Bibi alipokea kibuyu, akakitikisa, akatoa kifuniko na kuchungulia. Akaingiza kidole ndani ya mdomo wa kibuyu, akapapasa. Kisha akakifunika taratibu.

"Sawa," alisema. "Umechoka. Enda ulale."

Basi. Hakuruka, hakupiga vigelegele, hakuita majirani. Onsongo alikuwa amejiandaa kuvumilia furaha yake. Ukimya wake hakuuandalia dawa. Siku zilizofuata mambo yalizidi. Chepyegon aliwaletea watoto wa Onsongo maziwa kila asubuhi kama desturi yake, na jioni alikuja kukaa na Yunia na kumuuliza Onsongo habari za ziwa: maji ni ya rangi gani, hao ndege wana sauti gani, huko joto halimsumbui mtu aliyezoea baridi? Kuhusu Kipkemoi hakuuliza neno. Onsongo alieleza mpaka ulimi ukamkauka. Kila alipoangalia barabarani aliwaza kwamba mtu mmoja gatini anajiuliza mama yake ana nini, amekufa au yuko hai, na aliyeleta kibuyu kwa nini alikimbia. Kazini aliunguza majani kwenye mashine ya kukaushia, akagombezwa, na akaona amestahili. Moyo wake ulikuwa mchafu na aliujua uchafu wake wote.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliomba ruhusa, akapaka mnyororo mafuta na kwenda kubisha kwa Chepyegon.

"Kogo, narudi Kendu. Kipkemoi alisema... alisema hayakumtosha. Anaomba mengine."

Bibi akacheka kidogo, akaingia ndani, na kutoka na kibuyu kile kile, kizito, kimefunikwa. Alimvisha begani yeye mwenyewe. Kisha akainama kando ya njia, akang'oa nyasi mbichi na kuzifunga kwenye usukani wa baiskeli.

"Hii ni ya nini, Kogo?"

"Ya kukufundisha. Hapa kwangu mtu akimaliza maziwa, anatia nyasi mbichi kwa mdomo ya kibuyu ndio anarudisha. Ni asante. Kipkemoi nilimfundisha akiwa anatambaa. Hata akiwa na hasira namna gani, hawezi sahau."

Onsongo alikikumbuka kile kidole kilichopapasa ndani ya mdomo wa kibuyu. Alifungua mdomo, na Chepyegon akamgonga begani, si kwa nguvu.

"Sasa enda," alisema. "Na ukisikia kiu, mito iko mingi."

Pale Sondu aliegesha baiskeli kwenye daraja, akateremka mpaka majini na kunywa kwa viganja, kibuyu kikiwa kimejaa begani mwake. Kisha akapanda barabarani na kuendelea kuelekea gatini.