Mawe Sita ya Mama Nyakerario

Gari la Ratemo lilikubali kumbeba kila mtu isipokuwa mama mkwe wake, na aibu ya ukweni Kisii si kitu cha kumezea maji ukalala.

Lilikuwa gari la betri, wazi pande zote, umri wake karibu sawa na wa Ratemo mwenyewe. Padri mmoja Mzungu alilileta miaka ya sabini, akaliacha aliporudi kwao. Ratemo, fundi wa kusuka nyaya za mota pale Suneka, alilikuta chini ya mparachichi, kuku wakitagia ndani. Akalifufua. Lilikuwa na betri sita na kiti cha mbele cha watu wawili. Cha nyuma kilitazama kule linakotoka, hivi kwamba abiria na dereva walikaa mgongo kwa mgongo. Kwa sababu ya kiti hicho, Ratemo aliapa kwamba aliyebuni gari lile lazima alikuwa na mama mkwe Mkisii.

Maana chinsoni, ile heshima ya wakwe, haina mchezo. Mume wa binti na mama mkwe hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawasemezani bila mtu wa kati. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, uso wa Mama Nyakerario Ratemo aliujua kwenye picha ya harusi tu. Kwenye gari hili angeweza kumbeba asivunje chochote: yeye mbele na mkewe Bonareri, mama nyuma, na Bonareri akifikisha maneno.

Kubebwa kwenyewe kulikuwa kwa lazima. Magoti ya Nyakerario yaligoma, na bodaboda hakutaka kuisikia. "Nimkumbatie kijana wa watu barabarani? Mimi?" Na Sabato ya mwisho wa mwezi kanisa jipya la kilimani lingefunguliwa. Miaka tisa iliyopita yeye ndiye aliyeweka jiwe la kwanza la msingi, na sasa wazee walimchagua akate utepe. Ratemo alituma neno, kifua mbele: "Mwambie Mama nitamfikisha mpaka mlangoni."

Walijaribu na Mama nyuma Sabato mbili kabla ya hapo. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa. Likianza kupanda, mota ikaguna, kisha ikalia, kisha ikatoa harufu ya waya unaoungua, na nusu ya mlima ikazima. Washiriki waliwapita kwa miguu wakiwaonea huruma, ile huruma yenye meno nje.

"Labda ni uzito," Bonareri alisema walipofika nyumbani.

"Wewe! Usimtaje mama yako na uzito kwa pumzi moja!"

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Kwanza alifungua mota. Alibadilisha brashi za kaboni, akasugua shaba ya ndani mpaka ikang'aa, akatia grisi kwenye beringi. Alipima betri moja moja. Akapiga jeki, na magurudumu yakazunguka kwa kusukumwa na kidole. Ugonjwa hakuuona. Basi akaenda Tabaka kwa rafiki yake Masese, mchonga mawe.

"Niazime mawe."

"Ya kilo ngapi?"

"Ya... mtu mzima."

"Mtu mzima gani?"

"Mtu mzima mwenye heshima zake, Masese. Leta mawe!"

Masese alicheka mpaka patasi ikamtoka mkononi. Wakapakia mawe manne kiti cha nyuma, wakapanda mlima wa kanisa. Mota ikaimba. Wakaongeza la tano, wakaongeza la sita. Mota ikaimba vilevile. Ratemo alisimama kileleni na mawe yake, moyo mzito kuliko yote sita. Mota iliyoungua unaisuka upya, lakini mota inayomchukia mama mkwe wako utaifanya nini?

Masese naye hakuumbwa na kufuli mdomoni. Kesho yake soko zima la Suneka lilijua kwamba Ratemo amempima mkwewe kwa mawe, na Nyakerario akatuma neno: "Mwambie mume wako nimesikia." Ratemo siku hiyo hata ugali hakuugusa.

Sabato ikafika. Nyakerario alipanda nyuma na kitambaa cheupe kichwani. Ratemo aliangalia usukani. Wakafika mlimani, na mota ikaguna. Ikalia. Harufu ikapanda. Kwaya ilisikika kule juu ikianza wimbo wa kuwapokea wageni, na pale pale gari likazima.

Ratemo alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alikuwa karibu kulia, na hakujali nani anamwona. "Mwambie Mama anisamehe. Mwambie ufundi wangu umeishia hapa."

"Mama, anasema umsamehe."

"Mwambie anisamehe mimi," sauti ikatoka nyuma. "Nimejitahidi. Huu mlima unanimwaga nje, lakini nimeshikilia mpaka mikono imetoka malengelenge, nisianguke nikamwaibisha mbele ya kanisa."

"Anasema ameshikilia..."

"Ameshikilia nini?" Ratemo aliuliza. Kwa alivyojua, kule nyuma hakukuwa na kitu cha kushika. Na kabla Bonareri hajalifikisha swali, akageuka.

Nyakerario alikuwa amekumbatia kwa mikono yote miwili mpini wa chuma uliochomoza kando ya kiti. Ilikuwa breki. Padri aliitia hapo kwa ajili ya katekista wake, alizuie gari miteremkoni. Ratemo mwenyewe aliipaka mafuta, kisha akaisahau, kwa sababu abiria wengine aliwaweka mbele. Kila mlima ulipozidi kumwinamisha, mama mkwe alivuta zaidi. Na mawe ya Tabaka hayana mikono.

Ndipo alipotambua kwamba anamtazama usoni. Bonareri alijifunika macho kwa leso. Nyakerario hakuinamisha yake.

"Kumbe una mvi," alisema, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. "Mimi nilimpa binti yangu kijana."

"Ndiyo, Mama."

"Na mawe yalikuwa mangapi?"

"Sita, Mama."

"Sita!" Akamkagua kutoka mvi mpaka viatu. "Ungeniuliza."

Bonareri alivua leso yake, akamfunga mama yake kwenye kiti kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Mpini ukaachiwa. Wakangoja mota ipoe kidogo, kisha Ratemo akakanyaga, na gari likapanda mpaka mlangoni kwaya ikiwa kwenye ubeti wa tatu. Nyakerario alikata utepe kwa mikono yenye malengelenge, akakataa kusaidiwa mkasi.

Jioni walirudi njia ile ile. Juu ya mteremko Ratemo alisimamisha gari. Wazee walikuwa wameshamwambia kwamba kumtazama mkwe usoni si jambo la kuachwa hivihivi, na siku ya kuitwa mbele yao kujibu ingekuja. Hakugeuka tena. Alitazama barabara inayoshuka mbele yake.

"Mama," alisema, "sasa shika."

Bonareri alikuwa amefungua mdomo kulifikisha neno hilo, akasikia mpini wa chuma ukilia nyuma yake. Mama ameshashika.