Yesu wa Chumbani kwa Mama

Fundi Rangi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa amechora viatu kwenye mabango ya washona viatu, ng'ombe kwenye mabucha, na meno kwenye mlango wa daktari wa meno, makubwa kiasi kwamba wagonjwa wengine waliishia hapo hapo mlangoni. Ila kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa chumbani kwa mama yake, kwenye ubao mpana: Yesu mweusi tii, mwenye nywele fupi na mabega ya mbeba mizigo, anayetazama mbele kama mwenye nyumba.

Zamani hapo palikuwa na kalenda. Miezi yake iliisha fundi na dada yake wakiwa bado wadogo, lakini mama hakutaka itoke, kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake: Yesu wa macho ya buluu, nywele ndefu za rangi ya asali, na mikono ambayo haijawahi kushika jembe. Miaka arobaini mama alipiga magoti mbele yake. Fundi Rangi alipokua na kuanza kusoma vitabu, alimchukia mgeni yule. Na hospitali ilipomrudisha mama nyumbani kwa kuwa hakukuwa na dawa tena, aliapa kwamba mama yake hatakufa akimwomba Mzungu. Akaishusha kalenda, akatundika ubao.

Mchungaji alipokuja kumwombea mgonjwa alisimama mbele ya ubao kitambo kirefu. "Huyu ndiye Yesu wetu," alisema. "Siku moja utupe tumweke kanisani." Basi hapo kichwa cha fundi kikavimba, usimwambie kitu.

Lakini mama aligeukia ukuta wa pili, na hakuomba tena.

Dada yake, aliyekuwa akimwogesha mama na kumlisha, ndiye aliyemwambia. "Leo siku ya tisa. Hata chakula hakiombei. Mrudishie kalenda yake."

"Atazoea."

"Hana muda wa kuzoea, kaka."

Yakamchoma. Akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumhubiria, Mungu amsamehe, mgonjwa ambaye hata mto hawezi kuugeuza. Kwamba Yesu alizaliwa kwenye nchi ya jua kali. Kwamba hakuna aliyebaki na picha yake, kila taifa likamchora kwa sura ya watu wake, sasa sisi tuazime sura ya wenzetu kwa nini?

"Najua, mwanangu," mama alisema. "Sijawahi kudhani alikuwa Mzungu."

"Sasa shida iko wapi?"

Mama akauliza, "Hiyo sura umeitoa wapi?"

"Kwa baba," alijibu kwa fahari. Baba alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alichokumbuka ni mabega aliyobebwa juu yake, na picha moja ya kitambulisho aliyoinakili utotoni mpaka mkono ukaijua wenyewe. Tena wakubwa walizoea kumwambia kwamba yeye ni baba yake mtupu, naye alifurahi kila waliposema.

"Niliona. Umempatia, hata lile jicho. Alikuwa ananipiga. Akishafunga mlango, mimi natazama kalenda. Yule hakufanana na mwanamume yeyote niliyemjua. Ndiyo maana niliweza kumwambia mambo."

"Mbona hukutuambia?"

"Ulikuwa unampenda. Nikakuachia."

Fundi Rangi aliushusha ubao pale pale, akatoka nao mpaka karakana yake. Kalenda alikuwa ameifanya anavyofanya kila karatasi kuukuu: kaichana vipande vya kufutia brashi. Alipekua makopo yote. Akapata kipande kimoja tu, mkono ulioinuliwa, umeganda rangi nyekundu ya bango la bucha. Akafuta uso wa baba kwa rangi nyeupe, akajaribu kuchora mtu asiyemjua. Akachora mara tatu. Mara tatu lile jicho likarudi. Mkono wake ulijua mwanamume mmoja tu. Alikaa sakafuni akalia.

Alirudi chumbani mikono mitupu. Alisimama mbele ya kitanda, akasema ukweli wote. "Nimeichana, mama. Nimefutia brashi. Nisamehe."

Mama hakukasirika. Dada alikuwa amemgeuza, sasa alitazama ukuta wa zamani. Moshi wa taa ulikuwa umeutia weusi miaka yote hiyo, isipokuwa pale ilipokaa kalenda. Pale pamebaki peupe, mraba mtupu.

"Panatosha," alisema. Midomo ikaanza kutikisika kwa sala, kisha ikasimama.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema taratibu. "Umenikingia ukuta."

Akasogea, akatoka hata mlangoni, ili mama asiione sura yake.