Sahihi ya Kaltun

Kisima cha Bula Qansah kilipochimbwa, maji yalitoka mengi, lakini yalikuwa na chumvi. Watoto waliyanywa wakaharisha. Kaltun Isak, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyaonja mara moja akayatema.

"Haya si ya binadamu," alimwambia mhandisi.

Mhandisi, Sakariye, mzaliwa wa Elwak, hakubisha. Alimweleza kwamba serikali imetenga fedha za awamu mbili: kwanza kuchimba, kisha kuleta mtambo wa kuondoa chumvi. Fedha za mtambo hazitoki mpaka kamati itie sahihi kwamba uchimbaji umekamilika.

"Unataka niandike kwamba tuna maji?"

"Kwamba kisima kimechimbwa, eedo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa Juni. Tukichelewa, pesa zinarudi Nairobi. Kuzivuta tena zifike huku mpakani ni kazi ya miaka."

Kaltun alimtazama mkaza mwanawe Ugbad, aliyeketi kivulini na mimba ya miezi sita. Akaufikiria ule mtambo. Akatia sahihi.

Lori la maji ya msaada liliendelea kuja kutoka Hulugho kila Alhamisi, hadi Agosti. Kisha halikuja tena. Kaltun alimpigia dereva.

"Mama, jina la kijiji chenu limetolewa kwenye orodha," dereva alimwambia kwa sauti ya chini. "Wanasema nyinyi mna kisima."

Wakaanza kuchanganya maji ya kisima na ya silanga, lile bwawa la matope wanamonywea ngamia. Miguu ya Ugbad ilivimba, kichwa kikamuuma siku tatu mfululizo. Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akaikuta juu mno, akaita gari. Walifika Garissa kesho yake saa nne asubuhi. Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kike.

Ugbad alipokuwa bado amelazwa, Kaltun alikwenda ofisi ya mradi. Sakariye alikuwa amehamishwa. Karani aitwaye Fosia alimkaribisha kiti, akatafuta kwenye kompyuta.

"Bula Qansah," alisoma. "Kazi imekamilika. Wakazi mia sita wanapata maji salama."

"Nani aliandika salama?"

Fosia aligeuza kioo ili Kaltun aone. Chini ya maneno hayo palikuwa na sahihi yake.

"Mimi nilitia sahihi ya kisima tu. Mtambo uko wapi?"

"Fedha za awamu ya pili zilipelekwa vijiji ambavyo havina maji kabisa."

"Basi ifuteni sahihi yangu."

"Hatuna fomu ya kufuta, mama. Mnaweza kuomba upya, lakini kijiji chenye kisima kinawekwa mwisho." Fosia alikirudisha kioo upande wake. "Kusema kweli, mimi nisingesubiri."

Aliporudi nyumbani, Kaltun aliwaita wanawake akawaambia yote, hata alivyotia sahihi kwa mkono wake. Hakuna aliyemlaumu. Jirani yake Sadiyo alimuuliza, "Ungekataa, tungepata?" Kaltun akasema hajui.

Mwezi uliofuata familia kumi na nne zilifunga vyombo. Wengine walielekea Dadaab, wakaomba ndugu zao wakimbizi wawagawie maji ya mabomba ya kambini. Sadiyo alikwenda nao.

Ugbad hakurudi. Alibaki kwa mama yake Garissa, na mumewe akamfuata huko. Kaltun alipompigia, walizungumza habari za afya kwa muda, kisha Ugbad akasema, akimwita mama, "Hooyo, nawe njoo ukae nasi."

"Na baba mkwe wako nitamwacha na nani? Anasema hahami."

"Mnakunywa nini?"

Kaltun alitazama mtungi uliokuwa mlangoni, maji yake mekundu ya silanga hayajatulia.

"Tunachemsha," alisema.